Shaka ya kipimo cha kreatinini: nitumie marudio ya asubuhi moja au kontroli za miezi 6?

Mpimaji wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa maabara, wa Unguja na wa Pemba.

Nafanya kazi ya kemia ya damu katika maabara ya hospitali moja hapa Pemba. Tumo katika matayarisho ya kuomba ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, toleo la 2022, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika makadirio ya shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupishana na thamani ya kweli, kwa kila kipimo chenye jibu la namba. Nimeanza na kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na madaktari wetu, na hapo hapo nimekwama.

Nilichofanya kwanza ni kuchanganya mabaki ya seramu safi za wagonjwa kadhaa katika chupa moja, nikaipima mara 20 mfululizo asubuhi ya Jumamosi, mashine ikiwa imetoka kusafishwa na kusawazishwa. Wastani ulikuwa maikromoli 106 kwa lita, na mchepuko sanifu, yaani umbali wa kawaida wa majibu kutoka kwenye wastani wao, ulikuwa 1.1, ambao ni takriban asilimia 1. Nikazidisha kwa 2 na kuandika kwamba shaka ya kipimo chetu cha kreatinini ni asilimia 2.

Baadaye nilifungua daftari la kontroli, yaani sampuli ya kiwandani yenye thamani inayojulikana tunayoipima ili kuichunguza mashine. Kontroli yetu ya kiwango cha chini, ambayo tumeitumia loti moja (toleo moja la kiwandani) kwa miezi 6, ina wastani wa 98 na mchepuko sanifu wa 3.1, sawa na asilimia 3.2. Ya kiwango cha juu ina wastani wa 412 na mchepuko wa 9.9, sawa na asilimia 2.4. Katika miezi hiyo tumepitia loti 3 za vitendanishi (kemikali za kupimia), mashine imesawazishwa mara nyingi, umeme umekatika na kurudi, na wapimaji tulikuwa wanne wa zamu mbalimbali. Mwenzangu mmoja anasema namba hizi zimeingiliwa na matatizo ambayo si ya mashine, na ananishauri nibaki na ile asilimia 2.

Ningeweza kumsikiliza lau si simu niliyopigiwa na daktari wa wodi. Ana mgonjwa wa presha ambaye kreatinini yake ilikuwa 104, na baada ya wiki 3 ikawa 118, zote zimepimwa kwetu. Aliniuliza swali moja tu: figo zimeanza kudhoofika, au ni mashine yenu? Nilitaka radhi nikamwambia nitamrudia, kwa sababu nikitazama karatasi yangu ya asilimia 2 namba hizi mbili ziko mbali sana, na nikitazama daftari la kontroli naona kuwa mashine yenyewe imewahi kutembea kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Naomba kujua, basi, namba ipi ni ya haki. Aidha, katika mafunzo tulipewa jedwali la kujaza vyanzo 15 vya shaka, kuanzia pipeti, joto la chumba, hadi taa ya mashine, kila kimoja na hesabu yake. Je, ni lazima nilijaze? Na shaka ya kalibreta, ile sampuli tunayoisawazishia mashine, naipata wapi, maana karatasi inayokuja ndani ya boksi haina?

Mkongwe wa Kemia, Unguja

Wa alaykum salaam dada yangu. Umeuliza vizuri, na umefanya vizuri zaidi kutomjibu daktari kwa haraka.

Namba ya haki ni ile ya miezi 6. Marudio yako ya asubuhi moja yamepima mashine ikiwa katika hali yake bora kabisa: mtu mmoja, loti moja, kalibresheni moja, joto moja, umeme haujakatika. Ni sawa na kuitazama bahari ya Tumbe kwa saa moja ya shwari, kisha ukamwambia nahodha kwamba ndivyo ilivyo kaskazi na kusi. Marudio hayo yana kazi yake, kwani yanakuonyesha kama mashine ina afya siku ya kufungwa au baada ya matengenezo. Mgonjwa wako, hata hivyo, hakupimwa mara zote mbili katika asubuhi hiyo. Alipimwa siku moja, akarudi wiki 3 baadaye, na katikati yake vimepita vitu vyote ambavyo mwenzako anaviita matatizo yasiyo ya mashine. Vitu hivyo ndivyo vinavyounda shaka tunayoitafuta, na ukiviondoa kwenye hesabu huviondoi kwenye majibu ya wagonjwa.

Kuhusu jedwali la vyanzo 15, usilijaze. Njia hiyo ya kuchambua kila chanzo peke yake imetoka kwenye mwongozo wa jumla wa vipimo uliotolewa na ISO mwaka 1993, na ni njia sahihi kwa maabara za vipimo vya juu zinazotengeneza sampuli rejea. Kwa sisi tunaotumia mashine iliyofungwa, ambayo hatuwezi hata kuifungua kuona pipeti yake inavuta kiasi gani, ISO ilitoa mwongozo maalumu mwaka 2019, ISO/TS 20914, unaotuelekeza kutazama matokeo ya mfumo mzima: kontroli za muda mrefu upande mmoja, shaka ya kalibreta upande wa pili, na basi. Pipeti, joto na taa vyote vimo tayari ndani ya kontroli yako, na ukivihesabu tena kimoja kimoja utakuwa umevihesabu mara mbili.

Kalibreta ina shaka yake kwa sababu thamani iliyoandikwa juu ya chupa nayo imepimwa na mtu mahali fulani. Kreatinini ina mnyororo mzuri wa ufuatiliaji, unaopanda kutoka kalibreta yako hadi sampuli rejea zilizopimwa kwa mbinu ya spektrometa ya masi, na kila pete ya mnyororo huongeza shaka kidogo. Mtengenezaji anayo namba hiyo, kwa sababu hawezi kudai ufuatiliaji chini ya ISO 17511 bila kuikokotoa. Mwandikie wakala wake barua rasmi, taja namba ya loti, na usikubali kujibiwa kwa simu, kwa sababu mkaguzi atataka kuona karatasi. Ukiletewa namba, uliza kama imekwisha kuzidishwa kwa 2 au bado. Wengi huikosea hatua hii.

Tuseme umeletewa asilimia 2.8 iliyokwisha kuzidishwa. Igawe kwa 2, upate 1.4. Sasa unganisha na 3.2 ya kontroli. Namba hizi hazijumlishwi hivi hivi, kwa kuwa makosa ya bahati hayaendi upande mmoja siku zote; kila moja huzidishwa kwa yenyewe, zikajumlishwa, kisha ukatafuta kipeuo cha pili. 3.2 kwa 3.2 ni 10.24, na 1.4 kwa 1.4 ni 1.96. Jumla ni 12.20, na kipeuo chake cha pili ni 3.5. Zidisha kwa 2, upate asilimia 7. Hiyo ndiyo shaka iliyopanuliwa ya kreatinini yako katika eneo la chini, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Jibu la 118 linakuwa 118, kuongeza au kupunguza 8. Kwa eneo la juu fanya hesabu yake peke yake kwa kutumia 2.4, wala usichukue wastani wa viwango viwili, maana mgonjwa wa 100 hahusiki na tabia ya mashine kwenye 400.

Kuna la tatu, nalo ni mwegemeo, yaani mashine kukosea upande mmoja kila siku. Usiufiche ndani ya shaka kana kwamba ni jambo la bahati. Ikiwa sampuli za tathmini ya nje zinaonyesha mara kwa mara kuwa mko juu au chini kwa kiasi kinachoweza kumgeuzia daktari uamuzi, rekebisheni chanzo kwanza, ndipo mkadirie shaka ya kilichobaki.

Tuje kwa mgonjwa. Hapa usitumie asilimia 7, kwa sababu daktari analinganisha majibu mawili ya mashine moja. Maadamu kalibreta ni ya loti ile ile, kosa lake limo katika majibu yote mawili kwa kiasi kile kile, na kwenye tofauti linajifuta. Badala yake inaingia shaka nyingine ambayo si ya maabara kabisa: kreatinini ya mtu mwenye afya haisimami mahali pamoja, bali hupanda na kushuka ndani ya mwili wake kwa takriban asilimia 4.5. Unganisha 3.2 yako na 4.5 hiyo kwa njia ile ile ya kipeuo, upate 5.5, kisha zidisha kwa 2.77, ambayo inatokana na 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) mara kipeuo cha pili cha 2, kwa kuwa majibu ni mawili. Unapata asilimia 15.3, nacho ndicho kizingiti ambacho badiliko lazima likivuke ndipo tuliamini. Kutoka 104 hadi 118 ni ongezeko la asilimia 13.5. Halijavuka.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa ile asilimia 1 ya asubuhi moja: kizingiti kinakuwa chini kidogo ya asilimia 13, na ongezeko lile lile linaonekana ni la kweli. Mgonjwa angeweza kubadilishiwa dawa kwa sababu ya namba iliyopimwa Jumamosi moja.

Mhakiki wa Ubora, Chake Chake

Ahsante sana mkongwe wetu. Nakubaliana na njia yote, ila naomba tusiipokee ile 3.2 mikono miwili kabla ya kuifungua na kuitazama ndani.

Dada, hebu tenganisha kontroli zako kwa loti za vitendanishi. Nakisia utakuta wastani wa kila loti umekaa mahali pake, na mchepuko ndani ya loti moja ni mdogo kuliko 3.1. Ikiwa ndivyo, swali linalofuata ni zito: je, loti ilipobadilika, majibu ya wagonjwa nayo yalihama, au ilihama kontroli peke yake? Kontroli nyingi si damu halisi ya mtu. Zimekaushwa, zimetiwa vihifadhi, zimeongezwa vitu ili zikae muda mrefu, na kwa hiyo zinaweza kuitikia kitendanishi kipya kwa namna ambayo seramu ya mgonjwa haiitikii. Kontroli ikihama peke yake, 3.2 yako inamsingizia mgonjwa shaka ambayo hana.

Hili halijulikani kwa kufikiri, linajulikana kwa kupima. Kila loti mpya inapofika, weka akiba kidogo ya loti ya zamani, chukua sampuli za wagonjwa 10 hadi 20 zinazotawanyika kutoka chini hadi juu, zipime kwa loti zote mbili siku moja, na uandike tofauti. Najua ilivyo kwetu: vitendanishi vinavuka kutoka Unguja kwa boti, mara nyingi loti mpya inafika wakati ya zamani imekwisha tangu juzi, na hapo hakuna tena cha kulinganisha. Hiyo ni sababu ya kubadilisha namna tunavyoagiza, hata ikibidi kuandika barua tatu kwa mtunza stoo. Nimeziandika.

Jambo la pili ni maji. Ikiwa kontroli yenu ni ya unga wa kuyeyusha, muulize kila mpimaji anaiyeyusha vipi. Chupa inadai mililita 5 za maji yaliyotoneshwa. Akitia 4.9, kontroli imeshakuwa nzito kwa asilimia 2 kabla haijagusa mashine, na kosa hilo litaingia katika daftari lenu kwa jina la mashine. Seramu ya mgonjwa haiyeyushwi na mtu. Wapo pia wanaoitikisa chupa mpaka ikatoa povu, badala ya kuizungusha taratibu na kuiacha itulie kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake.

Ukimaliza hayo, linganisha shaka yako na lengo. Katika mkutano wa Milan wa mwaka 2014, wataalamu wa kemia ya tiba walikubaliana kwamba malengo ya ubora yatokane na madhara kwa mgonjwa, au na mabadiliko ya asili ya mwili, au na kile kinachowezekana kwa teknolojia iliyopo. Kwa kreatinini wengi hushika njia ya pili: nusu ya ile 4.5, yaani takriban asilimia 2.25, ndiyo inayotamanika, na robo tatu yake, takriban 3.4, ndiyo ya mwisho kuvumilika. Pamoja na kalibreta wewe uko kwenye 3.5, kabla ya kuzidisha kwa 2. Umevuka mpaka kidogo, na sidhani kama kosa ni la mashine.

Daktari wa Wodi, Mkoani

Naomba niingie ingawa mimi si mtu wa maabara, kwa kuwa swali la mwenzangu wa wodini ndilo ninaloulizana na nafsi yangu kila wiki.

Kizingiti cha asilimia 15 ambacho mkongwe ametupa kinajibu swali la "je, kuna badiliko, liwe la kupanda au la kushuka?" Mimi nikiwa na mgonjwa wa presha siulizi hivyo. Nauliza kama imepanda tu. Nimefundishwa kwamba swali la upande mmoja linatumia 1.65 badala ya 1.96, na nikikokotoa hivyo kizingiti kinashuka hadi chini kidogo ya asilimia 13, hapo 13.5 imevuka, kwa unywele. Sisemi hesabu ya mkongwe ina kosa. Nasema mgonjwa huyu amekaa juu ya mpaka wenyewe, na ni afadhali maabara iniambie hivyo kuliko kunipa ndiyo au hapana.

Kabla ya kumgusia dawa ningemchukua damu tena, na ningemuuliza alikula nini. Nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa, na kwetu hapa mtu anaweza kutoka kwenye pilau ya harusi usiku akaja kliniki asubuhi. Shaka hiyo haimo katika hesabu zenu na wala haistahili kuwamo, kwa kuwa imetokea kabla sampuli haijafika mezani kwenu, lakini mimi huku ninaipokea pamoja na zenu. Ndivyo ilivyo pia kwa sukari: damu ikikaa saa moja bila kutenganishwa, sukari hushuka kwa asilimia 5 hadi 7, na sampuli iliyovuka kwa mtumbwi kutoka Kojani, kisha ikasubiri gari, imeshapoteza zaidi ya shaka yote ya mashine yenu.

Ombi langu ni moja. Kiwango cha ISO 15189 hakiwalazimishi kuchapa shaka kwenye kila jibu, kinataka muitoe tunapoiomba, na mimi naomba msiichape. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho ana wingi wa damu wa gramu 10.9 kwa desilita, na mpaka wa upungufu kwa mjamzito wa miezi hiyo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni 11. Nikiletewa "10.9, kuongeza au kupunguza 0.3" kwa kila mama mmoja, mwisho nitaacha kuisoma. Nipeni karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye vipimo 10 tunavyovitumia sana, na mbele ya kila kimoja badiliko dogo kabisa ambalo naweza kuliamini. Hiyo nitaisoma kila siku.

Mpimaji wa Vimelea, Micheweni

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa hamu, na naomba kuongeza neno fupi kwa niaba yetu sisi wa darubini, ambao huambiwa mara nyingi kwamba shaka ya kipimo haituhusu kwa sababu hatuna mashine.

Anayehesabu vitu ana shaka hata kama macho yake hayakosei. Katika kichocho cha mkojo tunachuja mililita 10 na kuhesabu mayai, na mayai 50 ndio mpaka wa maambukizi makali. Mayai yametawanyika kwenye mkojo kwa bahati, na shaka ya hesabu ya namna hiyo, kwa uchache wake, ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Kipeuo cha 50 ni 7. Kwa hiyo mtoto wa skuli mwenye mayai 46 na mwenzake mwenye 53 sina haki ya kusema kwamba mmoja ni mkali na mwengine si mkali, kabla hata sijazungumzia kwamba mayai hutoka kwa wingi tofauti siku hadi siku na saa hadi saa.

Kwenye choo kwa mbinu ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai ya minyoo kwa darubini, ni zaidi, kwa sababu kijikebe kinachukua miligramu 41.7 tu, na tunazidisha kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu. Nikihesabu mayai 10 naandika 240, lakini shaka yangu ya mayai 3 nayo imezidishwa kwa 24, ikawa zaidi ya 70. Namba inaonekana kubwa na imara, kumbe imesimama juu ya mayai 10. Dawa yake ni kusoma slaidi mbili badala ya moja.

Mpimaji wa Wete

Ahsanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nimetenganisha kontroli kwa loti za vitendanishi kama nilivyoelekezwa. Loti ya kwanza ina wastani wa 96, ya pili 98, ya tatu 101, na ndani ya kila loti mchepuko ni karibu 2.3, ambao kwa asilimia nao ni takriban 2.3. Bahati nzuri katika jokofu kulikuwa na chupa moja ya loti ya pili iliyobaki robo, bado haijapitwa na muda. Nilipima sampuli za wagonjwa 12 kwa loti ya pili na ya tatu siku moja. Kontroli ilipanda kwa asilimia 3, na wagonjwa kwa wastani walipanda kwa asilimia 1 tu. Kwa hiyo mhakiki amesema kweli, ingawa si kweli yote, kwani wagonjwa nao wamehama kidogo.

Kisha nikaja kwenye maji. Nilichukua mizani yetu ya vitendanishi, nikaomba kila mpimaji wa zamu achote mililita 5 za maji yaliyotoneshwa kama anavyofanya siku zote, ayatie kwenye kikopo kilichokwisha kupimwa uzito, na nikaandika gramu bila kumwambia. Kwa joto la chumba chetu nilitarajia 4.98. Wawili walipata 4.97 na 4.99. Wa tatu alipata 5.06. Wa nne, ambaye ni mpimaji hodari na mwenye miaka mingi kuliko sisi, alipata 4.87, na aliporudia akapata 4.88. Tulikaa naye tukatazama mkono wake hatua kwa hatua, na ikadhihirika kwamba anatumia pipeti ya kioo ya kudondoshea, isiyotakiwa kupulizwa, na anaiondoa kwenye ukuta wa chupa mapema, kabla ya tone la mwisho kushuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliona, akasema amefundishwa hivyo chuoni na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Nikarudi kwenye daftari: siku nyingi za kontroli kuwa juu ni siku za zamu zake. Tumekubaliana kuanzia sasa chupa ya kontroli iyeyushwe kwa pipeti moja ileile, kwa maji yaliyopimwa uzito, na uzito uandikwe kwenye chupa pamoja na tarehe.

Daktari wetu nilimrudia. Nilimwambia kwamba ongezeko liko juu ya mpaka, kwamba maabara haiwezi kuapa kuwa ni la kweli wala kuwa si la kweli, na nikamwomba sampuli nyingine ya asubuhi bila nyama usiku wa jana yake. Ilitoka 110. Ameamua kumwacha kwenye dawa zake na kumwita tena baada ya mwezi.

Limebaki swali moja. Katika waraka wa ithibati niandike 3.2, ambayo najua sasa kuwa ndani yake mna maji ya pipeti, au niandike 2.3 ya ndani ya loti?

Mkongwe wa Kemia, Unguja

Andika 3.2, dada yangu, na shaka iliyopanuliwa ya asilimia 7, kwa sababu ndiyo namba uliyonayo ushahidi wake leo. 2.3 inasahau kwamba wagonjwa nao walihama kwa asilimia 1 loti ilipobadilika, na isitoshe, maji ya mwenzenu yamo ndani yake pia, kwa kuwa alikuwa na zamu katika loti zote tatu. Hakuna namna ya haki ya kuyatoa nje ya data za zamani kwa kukisia.

Chini ya namba hiyo eleza ulichokigundua: uzito wa maji wa kila mpimaji, matokeo ya sampuli 12, na tarehe mliyobadilisha utaratibu. Kuanzia tarehe hiyo fungua ukurasa mpya wa kontroli, usiuchanganye na wa zamani, na kokotoa upya ukifikisha miezi 6 na angalau loti 2 za vitendanishi. Yule mpimaji mwenye miaka mingi mpe yeye kazi ya kupima uzito wa maji kila mwezi. Na ile karatasi ya ukutani aliyoiomba daktari wa Mkoani, anza na kreatinini: "Badiliko la chini ya asilimia 15, rudia kabla ya kuamua, ukitafuta kupanda peke yake, 13." Ukimaliza vipimo 10, tafadhali iweke hapa nasi tuinakili.